Nilivyosikiliza Kumuse Sirisia

Tuliondoka Kibomet, hapa Kitale, Jumamosi tarehe 18 Agosti 2007, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Nilienda kwa sababu Nafula aliniomba, na Nafula ndiye rafiki yangu mmoja tu. Shuleni tunakaa dawati moja. Wengine husema mimi ni bubu. Babu yake alizikwa Alhamisi, na siku hiyo ingefanyika kumuse, ile hotuba ambayo mzee maalum hueleza historia ya ukoo na kufariji waliofiwa.

Kiminini mahindi yalikuwa bado yanachanua. Kufika Chwele tukakuta yamekauka, watu wanavuna. Tulikuwa nyuma ya pikapu ya baba yake, katikati ya viti vya plastiki. Hapo Nafula akaninong'oneza, "Wakikuuliza jina, sema Mary. Njoki wachana nayo."

"Kwa nini?"

"Si unajua tu vile mwaka huu uko."

Nilijua. Kura ilikuwa karibu, na watu wetu walitoka Nyeri; huku jina Njoki lilitosha kukufanya mgeni. Mary ni jina langu la ubatizo, kwa hivyo si uongo. Lakini tangu hapo nilijihisi kama nimevaa nguo ya mtu.

Sirisia, saa nne. Shangazi yake Nafula, mama wa utani mwingi, akanitazama. "Ati Mary amekonda hivi! Kwenu hakuna ugali?" Akaniwekea paja la kuku. Nilimpenda papo hapo.

Saa sita tuliketi chini kuzunguka uwanja. Mzee akaingia katikati na fimbo. Akizungumza hakuna kusimama. Mtoto aliyeinuka alivutwa chini kwa shati. Alizungumza Kibukusu, na mimi nimekua nacho Kibomet, nakielewa chote. Alituchekesha, akaliza watu. Kisha hotuba ikafika kwa watu wetu.

"Babu zetu walichunga ng'ombe mpaka Kitale, hakuna aliyewauliza. Mzungu akachukua. Mzungu akaenda, tukasema, sasa tunarudi. Kumbe wa Nyeri wametangulia, wanatuuliza sisi, 'Mnatafuta nani?'"

Watu wakacheka. Kina mama walikuwa wanafuta machozi.

"Mwaka huu watarudi walikotoka!"

"Eee!"

Na Nafula, ambaye goti lake liligusa langu, akaitikia pamoja nao. Nilitaka kuondoka niende barabarani. Sikuweza. Mzee alikuwa bado anazungumza, na sijawahi kuwa peke yangu hivyo katikati ya watu wengi.

Saa tisa, tukipanda pikapu, shangazi akaniletea ndizi. "Na jina la kwenu, Mary?"

Nafula akanifinya.

"Njoki," nikasema.

"Woi! Kumbe nimelisha mwenye shamba letu!" Akacheka, ila mkono wake ulikawia juu ya zile ndizi kabla ya kuziachilia.

Njiani, Kimilili, ndipo nilipopata nguvu ya kuuliza. "Kwa nini uliitikia?"

"Ni mambo ya wazee, bana. Haikuwa juu yako."

"Juu ya nani?"

Akaangalia barabara mpaka Kitale.

Nyumbani, saa moja jioni, Cucu, mama ya baba yangu, alikuwa anamenya viazi. Kabla sijasimulia chochote akaanza yake: mto wa kwao Nyeri, majirani wa damu moja, vile walikuja hapa wakakuta magugu tu, na hawa Wabukusu wavivu walingoja tulime ndio watamani.

"Ĩĩ, Cucu," nikaitikia, kama siku zote. Nikashtuka. Sauti yake ilikuwa ile ya mzee wa kumuse: tamu akikumbuka, chungu akitafuta wa kulaumu.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kanisa, nilienda kwa kina Nafula, nyumba tatu kutoka kwetu. Alikuwa mlangoni akipaka viatu rangi. Nikamwambia, "Na mimi huitikia."

"Unaitikia nini?"

Nikamweleza maneno ya Cucu yote, hata yale mabaya. Nilikuwa nimejifunza kwamba mtu akililia zamani, ni rahisi kumwitikia kabla ya kuangalia ni nani ameketi kando yako.

"Ati wavivu? Na wewe ukasema ndiyo?"

"Kila siku."

Hakunikaribisha ndani. Nikakaa kwenye ngazi, nikangoja amalize viatu vyake.