Nilivyokuwa Mbavu za Kidato cha Pili

Niliajiriwa asubuhi ya mwezi wa saba, nikiwa kidato cha pili, katika shule moja ya Uyole ambako mwezi huo hata chaki hutetemeka. Sikuomba kazi. Mwalimu Sanga wa Biolojia aliingia bila mchoro wa kifua, kwa sababu panya wa stoo walikuwa wameutafuna wakabakiza shingo. Akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayechagua kuku.

"Wewe mwembamba. Njoo mbele, vua shati."

"Mwalimu, baridi."

"Baridi ni ya dakika arobaini. Elimu ni ya maisha."

Ndivyo nilivyoanza utumishi. Cheo changu rasmi kilikuwa zana ya kufundishia. Wenzangu walinipa kingine, Mbavu, na hicho ndicho kilichodumu.

Vijana wa sasa, yaani hawa wa kidato cha kwanza, wanadhani ilikuwa kazi ya kusimama tu. Mwalimu alinichora kwa chaki mistari ya mshazari kati ya ubavu na ubavu. Hiyo ni misuli ya nje ya katikati ya mbavu. Vitabu vinaiita kwa jina refu la Kilatini, ambalo Mwalimu alilitamka haraka ili asiulizwe herufi zake. Nyuzi zake hushuka kuelekea mbele, kama vidole vya mtu aliyetia mikono kwenye mifuko ya koti. Kilikuwa kipindi pekee shuleni ambacho mikono mfukoni haikuwa kosa la nidhamu. Misuli hiyo ikijikaza, mbavu huinuka kama mkono wa ndoo, kifua kinatanuka, hewa inaingia. Chini yake ipo ya ndani, imelala kinyume, nayo hushusha mbavu unapopuliza jiko la mkaa. Nikitetemeka, zote zilifanya kazi kwa pamoja, na Mwalimu alisema hayo ni mazoezi ya ziada.

Nilipanda haraka. Kutoka mkondo A nikapangiwa B, kisha C. Hapo majivuno yakaniponza. Niligundua kwamba nikivuta pumzi huku nimebana tumbo, mbavu zinatokeza hadi dawati la nyuma wanazihesabu kwa sauti. Nikafanya hivyo kila siku, mikondo yote mitatu, wakati Mwalimu amegeukia ubao akiandika.

Sasa, kuna kiwambo, ule msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Ukivuta pumzi hujikaza, hushuka, na tumbo hutoka nje. Mwalimu alikuwa akiandika hayohayo ubaoni. Lakini nani atasoma ubao wakati kuna mtu amesimama kifua wazi? Mtihani ulipokuja, kidato kizima kiliandika kwamba ukivuta pumzi, kiwambo hupanda na tumbo huingia ndani. Hata Neema, ambaye hukosa swali moja kwa muhula, aliandika hivyo na mchoro akaweka.

Mkuu wa Shule alimwita Mwalimu Sanga ofisini, mlango ukabaki wazi. Nilikuwa nje nafagia, kwa adhabu nyingine isiyohusu kumbukumbu hizi.

"Sanga, mmoja akikosa, kakosa yeye. Wote wakikosa jibu lilelile, kakosa mwalimu. Kuanzia Jumatatu kidato cha pili nampa mwingine."

"Sawa, Mkuu."

Hakujitetea hata kidogo. Huyu ni mtu ambaye kila kipindi kilipoisha alinivisha koti lake, akatembea hadi ofisini na shati tupu. Nikaweka ufagio chini, nikaingia.

"Shikamoo, Mkuu. Kosa ni langu. Nilikuwa nabana tumbo."

"Unabana tumbo kwa nini?"

"Nipendeze, Mkuu."

Nikaomba nilale kwenye benchi, nikaweka daftari tumboni, nikapumua bila kubana. Daftari likapanda, likashuka. Kisha nikavuta pumzi kama nilivyozoea kazini, likazama. Nilimwona Mkuu akiweka mkono juu ya kitambi chake, taratibu, akavuta pumzi mara mbili.

"Watarudia mtihani," akasema. "Na huyu akalale mbele ya kila mkondo mpaka waelewe."

Nililala juu ya meza wiki nzima. Wakafaulu. Mwalimu alibaki na kidato cha pili, na Mkuu akamwongezea cha tatu.

"Umeniokoa, Mbavu," aliniambia koridoni. "Ila vipindi vyote hivi utanisaidia kufundisha?"

Nilistaafu mwaka uliofuata. Likizo ya mwezi wa sita nilikaa Ilula kwa mjomba, nikibeba matenga ya nyanya hadi barabarani. Kukumbatia tenga ni kazi ya msuli mkubwa wa kifua, unaotoka kwenye mfupa wa kidari hadi mkono wa juu. Kulisukuma kwenye toroli ni kazi ya msuli wa ubavuni, chini ya kwapa, wenye meno kama msumeno. Niliporudi kazini, Mwalimu alishika chaki, akatafuta ubavu, akakosa.

"Mjomba wako kaniharibia mchoro," akasema. "Vaa shati, ukakae."

Hakuajiri mwingine. Siku hizi hachori mtu. Anaamuru darasa zima lisimame, kila mmoja aweke mkono tumboni mwake, apumue. Ukipita dirishani kwetu utaona kidato kizima kimetoa matumbo bila aibu, na la mwalimu liko mbele ya yote.