Baba Alipotoka Shambani Mwake

Shamba letu lilikuwa njia ya Kaole, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka mjini Bagamoyo. Lilikuwa shamba la minazi. Nusu yake baba aliirithi kwa babu, na nusu aliipanda mwenyewe kabla sijazaliwa, akibeba maji kwa mtungi mpaka miche iliposhika. Mama alifariki nikiwa mdogo. Tulibaki watoto wawili, mimi na kaka yangu. Mimi niliolewa mjini na fundi wa milango. Kaka alioa akabaki shambani, nyumba moja na baba.

Mwaka ule Sultani alipoikodisha pwani kwa kampuni ya Wazungu, habari zilitufikia vipande vipande. Kwanza tulisikia kwamba wamechukua forodha tu. Baadaye mpiga mbiu akapita mitaani akitangaza kwamba kila mwenye shamba alete hati yake iandikwe, na kwamba mtu akifa, warithi wake watatoa ushuru kabla ya kuandikiwa mali. Baba hakuwa na hati. Wengi hawakuwa nayo. Mipaka ya shamba letu ilijulikana kwa majirani, na majirani walikuwa hai, basi karatasi ya nini?

Baba hakuwa mtu wa kelele. Siku chache baadaye akaniita shambani, akatukalisha mimi na kaka.

"Nikifa shamba likiwa mkononi mwangu," alisema, "watakuja kulipima na kulikatia ushuru. Mkishindwa kutoa, watachukua minazi. Lakini nikifa sina kitu, watatoza nini? Nataka kulitoa sasa, kwa hiba, zawadi ya mtu aliye hai, mbele ya kadhi. Hati ya kadhi itatufaa kwa yote mawili, kuandikisha shamba na kuepuka ushuru."

Kaka akasema, "Baba, wewe ni mzima. Haraka ya nini?"

"Ndiyo maana nafanya haraka. Mtu akitoa akiwa mgonjwa, watasema ni wosia."

Akanigeukia mimi. Shamba la minazi alitaka kumpa kaka, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akilihudumia. Mimi alinipa kiwanja cha mpunga bondeni Ruvu na vito vya mama. Akaniuliza kama nimeridhika, nikamwambia nimeridhika. Nilisema kweli. Sikuwahi kumwonea kaka wivu kwa minazi ile.

Kadhi alikuwa rafiki wa baba tangu chuoni walikosomea Kurani. Mimi nilikaa ndani na mkewe, pazia kati yetu na wanaume, nikisikia kila neno. Mashahidi walikuwepo. Baba akasema amempa, kaka akasema amekubali. Nikaitwa kuthibitisha, nikathibitisha. Nilidhani yamekwisha.

"Umempa," kadhi akasema. "Je, umemkabidhi?"

"Si nimempa mbele yenu?"

"Hiba haitimii kwa ulimi peke yake. Lazima wewe utoke, yeye aingie. Ukilala mle nyumbani kesho kama ulivyolala jana, siku ukifa atatokea mtu aseme shamba lilikuwa lako mpaka mwisho, na mwandiko huu hautakuwa na nguvu."

Baba akauliza, "Nitoke kwa muda gani?"

"Zamani ningekwambia utoke, kisha baada ya muda urudi kama mgeni wa mwanao. Lakini hawa wa kampuni watatafuta upenyo. Toka kama mtu aliyeuza."

Alitoka siku ya pili yake asubuhi. Alibeba mkeka, msahafu na nguo zake, basi. Wifi yangu alilia mlangoni, na kaka aliingia ndani asitazame. Baba akaja kukaa kwangu, katika chumba ambacho mume wangu alikuwa akiwekea mbao. Nilimpa mkono, "Shikamoo, baba," naye akaniitikia "Marahaba, mwanangu" kwa sauti ya mtu aliyepita tu kusalimia.

Ijumaa baada ya sala alikuwa akienda kumtembelea kaka. Siku moja nilifuatana naye. Tulipofika penye uzio alisimama akapiga hodi, akangoja mpaka akakaribishwa. Tulipokuwa tukipita kati ya minazi, nazi kavu ilikuwa imelala njiani mbele ya miguu yake. Akaivuka. Kisha akamwambia kaka, "Kuna nazi imeanguka kule karibu na kisima."

"Baba, iokote," kaka akasema. "Unaniaibisha."

"Sikuaibishi. Nakulinda. Watu wanatazama."

Kaka alikwenda akaiokota mwenyewe, akaileta na kumpa kwa mikono miwili. Baba akaipokea, akamshukuru kama anavyoshukuru mtu wa mbali. Njia nzima ya kurudi aliibeba mkononi. Mimi nilikuwa nikinunua nazi sokoni ili nimpikie wali mtu aliyepanda minazi mamia, na kila nilipokuna nazi nilijificha nyuma ya nyumba asinione.

Miezi haikupita mingi, vita vikaja. Watu wa pwani waliikataa kampuni, na manowari ikaupiga mji kwa mizinga. Mume wangu alikuwa na jamaa zake Fukayosi, tukaamua kukimbilia huko. Tulipitia shambani kumchukua kaka. Watumwa wawili wa baba, waliokwenda kwa kaka pamoja na shamba, walikuwa wamekwisha kukimbia, wala sikuwalaumu. Wifi alikuwa tayari, mtoto wake mchanga mgongoni. Kaka alikataa kuondoka.

"Liache," baba akamwambia. "Minazi haikimbii."

"Nikiliacha litaonekana halina mwenyewe. Baba, wewe ulitoka ili mimi niingie. Na mimi nikitoka, ndani yuko nani?"

Nilimtazama baba. Naamini hadi leo kwamba lau angesema neno moja kama mwenye shamba, lau angemwamuru, kaka angetii. Lakini alikwisha kujizoeza kutoamuru mahali pale. Alimshika kaka kichwani, akamwombea dua, tukaondoka.

Fukayosi tulikaa muda mrefu. Habari ya kaka ililetwa na jirani yetu wa Kaole aliyekimbia baadaye. Wapiganaji walipita shambani, kisha askari, kisha wapiganaji tena, na kila waliopita walitaka madafu na makuti. Asubuhi moja jirani alisikia bunduki. Alimkuta kaka amelala ukumbini, risasi imeingia kifuani. Ilikuwa ya nani, hakujua, na sisi hatukujua kamwe. Alimwosha na kumzika palepale kwa msaada wa mzee mmoja.

Wifi alianguka chini. Baba aliuliza jambo moja tu. "Mmemlaza upande gani wa kisima?"

"Upande wa kibla, bwana."

"Ahsante," baba akasema, kisha akatoka nje akakaa juani mpaka nikaenda kumrudisha.

Mji ulipotulia tulirudi. Minazi mingi ilikuwa imekatwa kujengea maboma, na mingine imetolewa kilele ili moyo wake uliwe. Kadhi alikuwa hai. Tulikwenda kwake kwa sababu ya yule mtoto, maana shamba lilikuwa la marehemu na lilipaswa kurithiwa. Akahesabu: mke fungu lake, mtoto wa kiume sehemu kubwa iliyobaki, na baba wa marehemu sehemu moja katika sita.

Baba akasema taratibu, "Nilimpa mwanangu shamba ili lisirithiwe. Sasa mrithi ni mimi?"

"Ndiyo wewe."

"Sitaki. Simrithi mwanangu."

"Mtu haulizwi kama anautaka urithi," kadhi akamjibu, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Umekwisha kuingia katika mali yako tangu saa aliyokata roho. Ukishaupata, unaweza kuutoa."

Ushuru ule tuliokuwa tukiukimbia tuliulipa. Niliuza kiwanja changu cha mpunga, na karani akaandika. Baba akampa mjukuu wake fungu lake lote. Safari hii kadhi hakumtaka atoke. Mtoto alikuwa yatima, na babu ndiye msimamizi wake, basi anampa kwa mkono wa kulia na kumpokelea kwa wa kushoto. Ilimpasa arudi akae shambani, alinde mali ya mtoto.

Hivyo akarudi katika nyumba aliyoijenga. Nilidhani angefurahi japo kidogo. Alipanda miche mingine mahali pa iliyokatwa, akiwa sasa hawezi kubeba mtungi uliojaa. Lakini chakula chake alikitaka kutoka kwangu, mjini. Mali ya yatima hakuila, hata dafu moja. Wifi alimsihi, mimi nikamsihi. Alisema, "Nimelitoa shamba hili mara mbili. Sitaki kuulizwa kwa nini mkono wangu bado umo."

Alikaa hivyo miaka michache, kisha homa ikamshika. Nilikwenda kumuuguza. Alipoona siku zimekaribia aliniita karibu.

"Msinizike hapa," alisema.

"Baba, kaka yuko hapa."

"Najua yuko wapi. Kila siku nampitia. Lakini ardhi ni ya mtoto, na hawezi kunipa ruhusa mpaka abaleghe. Kaburi linachukua mahali pa mnazi mzima. Nipelekeni mjini."

Tulimzika makaburi ya mjini, kati ya watu wengi.

Mtoto wa kaka sasa ni mwanamume mwenye ndevu, na shamba analiendesha vizuri. Juzi alikuja kunisalimia, tukawa tunazungumza habari za jamaa, akaniuliza, "Shangazi, kwa nini babu hamkumlaza pamoja na baba?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Ningemruhusu," akasema.

"Ulikuwa mtoto wa miaka minne, mwanangu," nikamwambia. "Tungekuulizaje?"

Nikanyanyuka kwenda kumtengea chakula, na yeye akabaki amekaa, mikono magotini.