Mawe ya Ijumaa

Mteja alikuwa anasimulia jinsi maporomoko ya ardhi yalivyomfukia mwanawe. Mshauri wake, dada Nirmaya, akafungua mdomo amjibu.

Sauti haikutoka.

Haikutoka siku hiyo, wala mwezi mzima uliofuata. Daktari alipima koo, hakuona kitu.

Mimi ni mpika chai wa kituo hicho cha ushauri, hapa Gorkha, mji wa milimani. Shule niliacha darasa la nne, na mtu akinitazama naangalia sakafu. Dada Nirmaya peke yake ndiye alikuwa ananiongelesha.

"Wewe mtoto, chai yako inafufua maiti," ananiambia, "ila kutabasamu mpaka ulipwe."

Kila asubuhi washauri wote watano walikaa chini, macho wamefumba, wanafuata pumzi zao. Ijumaa jioni kila mmoja alitumbukiza jiwe kwenye mtungi wa shaba. Jeupe, kazi inaniridhisha. Jeusi, nimeelemewa. Hakuna kutaja jina.

Jumapili, wiki yetu ya kazi ikianza, mkurugenzi, Bwana Adhikari, anamwaga mtungi mezani.

"Meupe matupu tena. Mnaona faida ya kutulia?"

Sasa dada Nirmaya alipopotewa na sauti, mkurugenzi akashika kichwa.

"Kwa nini hakutuambia? Miezi mitatu hii hakuna hata jeusi moja."

Nikaweka birika chini.

Alikuwa ameshawaambia. Kila Ijumaa.

Nilimwona mwenyewe akitia jeusi. Na mwaka jana mshauri mmoja alisema amechoka, mkataba wake haukuongezwa. Dada Nirmaya ana watoto wawili, mumewe hana kazi. Basi nikibaki kufagia nalitoa lile jeusi, naweka jeupe.

Nilijiona namwokoa.

Nikamfuata kwake. Nikamweleza yote, macho sakafuni.

Akaninyanyua kidevu. Akafungua mdomo, sauti ikatoka, imekauka.

"Kumbe hawakuona?"

"Hawakuona, dada."

"Mimi nilijua wameona, wakanyamaza."

Akalia. Hakuniambia niondoke, wala hakuniambia nikae.

Kazini hakurudi tena. Mimi nilimwambia mkurugenzi ukweli, akanipa siku moja nikusanye vitu vyangu.

Mnaonisoma, mwenzenu akisema ameelemewa, msimfichie. Mwacheni asikike, hata kama kibarua chake kitaota nyasi. Mimi nilimtunzia kibarua, yeye nikampoteza.