Jumapili za Kusikia Bila Kujibu

Nimehama miji mingi, ndugu msomaji, na safari zangu nyingi zimeshanitoka kichwani. Ile iliyonifikisha Mwanza nikiwa mtoto haijatoka. Tulianzia Mpanda, mimi na mama mdogo, baada ya kumzika mama. Tukabadilisha treni Tabora, tukala mihogo ya kuchemsha na karanga mpaka nikachoka hata kutazama dirishani. Mwisho nikaona mawe makubwa yamebebana, na nyumba zimejipenyeza katikati yake. Bibi alitupokea stesheni, akanishika kichwa, akasema, "Huyu ni wangu sasa."

Aliishi Mabatini, juu kidogo, ambako maji tulipandisha kwa ndoo. Jirani yetu alikuwa mzee wa Kihindi, mgane, muuza vipuri vya baiskeli. Kutoka paani kwake ulitoka waya mrefu ukapita juu ya uwanja wetu na kufungwa kwenye jiwe. Bibi aliuona ni kamba nzuri, akauanikia kanga na samaki. Mzee akatoka na kandambili zake.

"Shikamoo mama. Samaki wako wananizibia Brazili."

"Marahaba. Huyo Brazili atasubiri, samaki hawajakauka."

Ndipo nilipojua kuwa waya ule ni antena ya redio ya ridhaa. Si redio ya matangazo. Ni watu wa kawaida, kila mmoja na mtambo wake nyumbani, wanaongea na wenzao wa mbali kwa kupenda tu. Mzee alinikalisha pembeni yake jioni nyingi, chai ya tangawizi mkononi, nikisikia sauti zikija na kuzama ndani ya mvumo kama wa mvua ya mbali. Lakini kitufe cha kusemea hakuniruhusu kukigusa. Asiye na leseni husikiliza, hasemi. Katika hilo alikuwa mgumu kuliko mwalimu wetu wa hesabu.

Nilipofika kidato cha pili, mwanawe aliyeko Kanada akaamua kumchukua, maana macho yalikuwa yanapungua. Mzee hakupinga. Aliniambia tu, "Soma, upate leseni. Nataka nikiita Mwanza kutoka kule, aweko mtu wa kunijibu."

Basi nikasoma. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, naye alinieleza kwa Kiswahili chake cha dukani. Wimbi alinifundisha kwa kutikisa kamba ya ndoo. Nikichambua dagaa na bibi, anapita na kuuliza juu ya ukuta: umeme ukipita kwenye kizuizi hiki, unabaki kiasi gani? Ukisikia maongezi yasiyokuhusu, unayapeleka wapi? "Hayaendi popote," bibi ananitangulia. Zile herufi za redio, alfa, bravo, chali, alizishika kabla yangu, akawapa kuku wake. Jioni mtaa mzima ulimsikia akimfukuza Bravo jikoni.

Mzee aliondoka kabla ya mtihani. Mtambo akauacha kwa bibi, lakini kipaza sauti cha kusemea alikichomoa akampa mpwa wake aliyebaki na duka. Kingetoka siku leseni ikifika. Nilimbembeleza mpwa yule. "Kaka, mimi simwogopi polisi kama ninavyomwogopa mjomba," akasema.

Jumapili ya kwanza ya yeye kuwa Kanada tulitoka kanisani, tukala michembe ya viazi vikavu na maziwa, nikawasha. Baada ya mivumo mingi, sauti yake ikaja, nyembamba lakini ni yeye. Aliita Mwanza. Akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba baba, hujambo?" bibi akaiambia spika. Akasubiri. Kisha akanigeukia. "Mjibu."

"Bibi, siwezi. Sina leseni, na pa kusemea hapapo."

"Mtu anakusalimia toka huko, unamkodolea macho?"

Mpwa alimpigia mjomba wake simu kumwambia tunamsikia, naye akaendelea kuita kila Jumapili. Mtihani niliufanyia Dar es Salaam, nikafaulu. Leseni yenyewe ikakawia. Bibi aliendelea kuijibu spika peke yake, nami nikikaa pale na majibu yote tumboni. Sijawahi kuhisi aibu kama ile, na hakukuwa na kosa la mtu.

Kisha ikaja Jumapili isiyo na sauti, na nyingine. Leseni ilifika ndani ya kimya hicho. Mpwa alileta kipaza sauti kimefungwa kwenye kitambaa, hakunitazama. Mjomba amepooza, alisema, ulimi hausogei. Mwanawe amemwekea redio ndogo kando ya kitanda.

Basi nikamwita mimi. Nilitaja herufi zangu mpya za kujitambulisha, nikampa salamu za bibi, nikamwambia ziwa limeleta mbu wadogo wale wanaopanda kama moshi. Sikupata jibu. Wiki iliyofuata nikaita tena, mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Siku hizi kila mtoto anaongea na Kanada kwa simu, wanaonana hadi meno. Sina ugomvi na hilo. Ila sijaona tena mtaa uliojua kwamba juu ya mabati yake inapita sauti ya mtu, ukaamua kuanika samaki mahali pengine. Nyumba ile imeuzwa, bibi amelala makaburini, na mawe mengine yamepasuliwa kuwa kokoto.

Mwaka ule nilipomaliza shule, ndugu yetu mmoja alinipatia kazi Geita. Asubuhi ya kuondoka nilikuwa kwenye foleni ya kivuko cha Kamanga na begi langu, nikamwona mpwa anakuja mbio, shati limechomoka kwenye suruali.

"Mjomba ametutoka juzi," alisema. "Nimeona nisikuache uende bila kujua."

Niliuliza swali moja tu, kama alikuwa akinisikia.

Alifikiri. Angeweza kunidanganya. "Mwanawe anasema redio ikiwashwa alikuwa akifungua macho. Lakini alifungua hata ilipokuwa inavuma tu."

Kivuko kikapiga honi. Watu wa nyuma wakanisukuma na matenga yao, nikapanda, na Mwanza sikurudi tena kukaa.