Mwanzi wa Mkwe

Fundi mkuu wa gereji niliyofanyia kazi Mbeya, miaka ile ya hamsini, alikuwa baba wa mke wangu, na kazi yenyewe alinitafutia yeye. Ufundi aliupata jeshini wakati wa vita. Sote wawili tulikuwa Wahehe wa Iringa, kwa hiyo adabu ya ukwe tuliyolelewa nayo tulikuja nayo mpaka chini ya magari. Sikumtazama usoni. Neno lake sikulirudisha. Hata spana nilimwekea juu ya sanduku la mbao, naye akaiokota hapo, maana kupeana kitu mkono kwa mkono kwetu ilikuwa mwiko. Wenzetu Wanyakyusa walitucheka mpaka wakachoka. Mimi nilijivuna tu, nikajiona mtu mwenye heshima kuliko wote pale.

Siku moja akaja mlowezi wa tumbaku kutoka upande wa Iringa na gari dogo la kukimbizana, la viti viwili, wazi juu. Alitaka lishushwe, lilale chini kama magari ya mashindano aliyoyaona kwao Ulaya. Kushusha gari, kwa barabara zetu zile za vumbi na makorongo! Lakini Mzungu akitaka, nani amkatalie? Tulikata springi za mbele, nyuma tukapachika vipande vya chuma, gari likashuka hata paka angepita chini yake kwa shida.

Sasa gari likishushwa, tairi za mbele hupoteza mwelekeo. Lazima zipimwe upya, ziwe zimekaribiana kidogo zaidi kwa mbele kuliko kwa nyuma, tofauti ya unene wa njiti ya kiberiti. Mkwe alipimia mwanzi mnyoofu aliokuja nao kutoka nyumbani, wenye misumari kwenye ncha zake. Alichora mistari ya chaki kwenye tairi, akapitisha mwanzi nyuma, kisha mbele, akazungusha tairodi, kile chuma kinachoziunganisha tairi za mbele, akapima tena. Nilimwona anasogeza uso karibu mno na ile chaki, nusura ainuse. Alikuwa hivyo tangu masika.

"Imekaa," akasema, akaenda kunawa mikono.

Nikauchukua mwanzi nikapima mwenyewe. Haikukaa. Tairi zilitazama nje, njiti tatu nzima. Kurekebisha ilikuwa kazi ya dakika kumi, lakini nilikuwa bado nimechuchumaa aliporudi.

"Unatafuta nini, mkwe?"

"Hakuna kitu, mkwe. Naangalia tu."

"Basi funga boneti. Mwenyewe anasubiri."

Nikafunga. Nilijua gari lile linakwenda kukimbizwa barabara ya Iringa, na nilijua litayumba. Nikajiambia kwamba huku ndiko kumheshimu mkwe, nikampungia mkono yule bwana alipokuwa anatoka getini.

Siku ya nne gari lilirudi juu ya lori. Lilimshinda kwenye kona likaingia mtaroni. Mwenyewe naye alikuja, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na tairi za mbele zilikuwa zimeanza kulika upande wa ndani. Tajiri wetu, mwenye gereji, akatupanga mstari.

"Nani kapima hizi tairi?"

Mkwe alikuwa akitazama chini. Nadhani hakujua kwamba amekosea, alikuwa anajaribu kwa uaminifu kukumbuka kosa liko wapi. Ningeweza kusema tulipima wote wawili. Ingekuwa kweli, tena kweli kuliko alivyojua yeye. Lakini niliogopa kufukuzwa, na mdomo niliokuwa nimeufunga kwa heshima ulifunguka kwa woga bila kusukumwa.

"Mzee ndiye aliyepima," nikasema. "Siku hizi macho yake hayaoni. Mimi nilijua."

Nilisema mbele ya Wanyakyusa, mbele ya yule Mzungu, kwa sauti ya kusikika. Neno nililoshindwa kumnong'oneza mkwe wangu tukiwa wawili, nililitangaza hadharani. Naona aibu kuliandika hata leo, na mvi zangu hizi. Na lile "nilijua" nililitia mwenyewe, nisifiwe kwa macho mazuri.

 Tajiri alimwambia mkwe asirudi kesho. Akakusanya vitu vyake polepole: koti la jeshi, kofia, kikombe cha bati. Hakuna aliyecheka siku hiyo. Kisha akaja upande wangu ameshika ule mwanzi. Adabu niliikumbuka wakati huo, bila haya. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikainamisha kichwa, nimwachie nafasi auweke juu ya sanduku.

Akalipita sanduku. Akaushika mkono wangu, akanifumbua vidole, akaniwekea mwanzi kiganjani.

"Uwe unapima vizuri," akasema, akinitazama usoni. Hakuniita mkwe.