Nilimwambia Sina Dawa Nyumbani

Wapendwa, nimeombwa niwatie moyo. Nitajaribu, ingawa wangu wenyewe umechoka.

Miaka ishirini nimechoma nyama Kikopey, kwenye vibanda vya kando ya barabara. Wateja walinijua kwa jina. Kisha ugonjwa wa sukari ukanipata. Kiu, kukojoa kila saa, kidonda cha mguu kikatoa usaha na kunuka. Nililazwa hospitali ya Nakuru wiki tatu.

Siku ya kutoka, mfamasia alinijia na karatasi ya maswali, msichana mdogo tu. Unaishi na nani? Peke yangu, mke wangu alifariki. Unaona vizuri? Kidogo. Akahesabu dawa zangu mpya, aina sita.

"Mzee, watu kama wewe ndio hukosea dawa wakifika nyumbani," akasema. "Kuna za zamani huko?"

"Hakuna."

Uongo mtupu! Nilikuwa na mkebe mzima. Niliogopa nitazuiliwa siku nyingine, na pia alinikera. Mtu mzima nichungwe kama mbuzi?

"Ukizipata, usizimeze. Hizi mpya zimechukua mahali pake."

Nikaitikia. Lakini kwetu dawa haitupwi, ni dhambi. Nikawa nameza za zamani ziishe, na mpya pia.

Jumapili iliyofuata, wenzangu wa kanisa walifunga kumshukuru Mungu kwa ajili yangu. Nikafunga nao, ila dawa nikameza. Mchana nikaenda kazini kusalimia, nikasimama karibu na moto. Jasho baridi likanitoka, mikono ikatetemeka, macho yakaingia giza. Nikaanguka. Nikasikia harufu ya nyama ikiungua, nikafikiri ni mbavu za mteja. Kumbe ni mkono wangu wa kulia, uko kwa makaa.

Nilizinduka hospitalini Gilgil, nimejikojolea.

"Sukari ilishuka sana, mzee," daktari akasema. "Vidole hatutaviokoa."

Vinne vilikatwa. Kumbe dawa za zamani na mpya zilikuwa za kazi moja, nami nilizimeza zote na tumbo tupu. Nimepona, ndiyo. Kidonda cha mguu kimefunga, sukari imetulia. Lakini kazi sina, na asubuhi nyingine namuuliza Mungu aliniacha hai kwa nini. Sijajibiwa.

Nikiwa bado nimelazwa, yule mfamasia alisikia, akaja. Nilingoja anigombeze. Alikaa kando ya kitanda akalia.

"Nilikuwa nimekuwekea alama ya hatari kwa faili," akasema. "Nilijua ungeweza kukosea dawa."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu; mimi nilikataa la mdogo. Namshukuru Mungu, namshukuru na huyo binti. Ninyi mkiulizwa, semeni yote, hata ya aibu. Haki ya Mungu, ningetoa hata huu mkono uliobaki nirudi siku ile, nimjibu ukweli.