Salamu Iliyotulaza Ubavu

Mimi ni mtu wa ndani. Sijisifu, nasema tu ili ijulikane ni nani aliyekuwa kwenye kiti cha abiria siku ile. Kazi yangu ni makabati, naunda na kutengeneza, na karakana yangu ni baraza ya nyumba yetu Jang'ombe, hatua nne kutoka kitandani. Mke wangu husema siku nikivuka barabara kubwa atanifukizia ubani. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, hana hata huruma hiyo. Yeye huniita "fanicha".

Shemeji huyu aliongoza wageni kule Jozani kwa miaka mingi, akiwatembeza kwa miguu kuwaonesha kima punju, mpaka akaamua kununua bagi iliyotumika: kile kigari cha wazi cha viti viwili, usukani kushoto, chenye matairi ya vigingi na fremu ya mabomba juu ya vichwa. Alitaka awapeleke wageni wake kutoka msituni hadi pwani kwa njia ya ndani. Akiba yake yote ikaja kusimama mbele ya baraza yangu. Kigari kilikuwa chembamba, maana kiliundwa kipenye baina ya miti, na kilikuwa kirefu, maana mwenyewe wa kwanza alikiinua kisigonge mawe.

"Shemeji," nikamwambia, "hiki kina tabia ya kabati."

"Na wewe una tabia ya kochi. Panda."

Nikapanda. Juu ya fremu alikuwa ameshafunga tairi la akiba, dumu la maji, kreti ya soda na mikeka ya wageni kukalia. Mimi, fundi kabati, naona vyombo vyote vimepangwa rafu ya juu na chini patupu, nikanyamaza. Nimeshaitwa kochi, niseme nini tena?

Njia ile inapita kijiji kimoja, halafu inakata ubavu wa kilima kidogo cha mawe ya matumbawe: kushoto kunapanda, kulia kunateremka kwenye shamba la muhogo. Shemeji alikuwa anaendesha polepole, mwendo wa mtu anayekwenda kununua mkate. Hapo chini kwenye muhogo akainuka bi kizee na jembe lake.

Sasa, mtu aliyelelewa Unguja akimwona bi kizee, mwili unatangulia kabla ya akili. Nikainama nje upande wa kulia, nikatoa mkono, nikasema, "Shikamoo bibi." Shemeji naye, asije akaonekana hana adabu, akainama upande huo huo, macho kwa bibi, "Shikamoo bibi." Na wakati huo huo gurudumu la kushoto likapanda jiwe.

Hakikuanguka kwa kishindo. Kilijilaza, kama mzee anayetafuta mto. Nilirudisha mkono ndani kwa bahati tu, bomba likapasua kioo cha saa yangu badala ya kiganja. Mikanda ikatushika, tukabaki tumening'inia ubavu, soda zinabingirika kuelekea kwenye muhogo, moja ikasimama miguuni mwa bi kizee.

Akaitazama. Akatutazama sisi.

"Marahaba," akasema.

Habari ilifika kwa sheha, kiongozi wa kijiji kile, kabla sisi hatujakiinua kigari. Bi kizee yule kumbe ndiye mama yake. Sheha hakugomba, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema tu, "Ile soda ingekuwa gari, mama yangu angekuwa wapi sasa hivi?" Akatupa wiki moja. Turudi tupite pale pale, mbele ya kamati ya kijiji, na ndani tuwemo wale wale tulioanguka. Kigari kikibaki wima, shemeji atapita na wageni wake. Kikiyumba, njia inafungwa. Na njia nyingine ya ndani ya kufika pwani hakuna.

Safari ya kurudi mjini shemeji hakunitania hata mara moja. Nikajua mambo ni mazito.

Wiki ile nilikuwa mtu mkubwa barazani kwangu, lazima nikiri. Nilimpeleka shemeji kwenye kabati la harusi ya mteja wangu mmoja, nikamfungulia milango, nikapanga sahani za mke wangu rafu ya juu, nikamwambia alisukume kwa bega. Likayumba. Nikahamisha sahani zote rafu ya chini, nikamwambia asukume tena. Akasukuma, akasukuma, likabaki limemkodolea macho.

"Basi ungesema tangu mwanzo," akaniambia.

"Fanicha huwa hazisemi."

Tukateremsha kila kitu kutoka juu. Dumu na soda zikaingia sanduku la mbao nililoliunda chini ya viti, tairi la akiba likalala sakafuni nyuma. Fundi chuma mmoja wa Amani akachonga bangili nzito za chuma, akazitia baina ya magurudumu na vyuma vinavyoyashika, kwa boliti ndefu zaidi, na kila gurudumu likatoka nje upana wa vidole vitatu. Akakishusha kigari pia, kwa kiasi. Kisha tukakiinua upande mmoja kwa jeki mbele ya majirani, kamba imefungwa upande wa pili kisije kikatuaibisha. Tulipokipima kabla ya matengenezo, kilitaka kupinduka jeki ikiwa usawa wa kigoda. Sasa tukafika usawa wa meza na kamba bado imelegea. Jirani mmoja aliuliza kama naweza kumfanyia hivyo mumewe.

Ikabaki salamu. Hiyo haina boliti.

Asubuhi ya siku yenyewe kamati ilikaa kwenye magogo upande wa juu wa njia. Bi kizee alikuwa pale pale kwenye muhogo, na jembe lile lile, nadhani kwa makusudi. Tukafunga mikanda. Shemeji akaniambia bila kunitazama, "Mikono ndani. Ukiinama, nnakuacha huku huku."

Tukaingia kwenye ubavu. Nilishika kishikio cha mbele yangu kwa mikono miwili, nikaegemea upande wa kilima mpaka bega langu likamgusa shemeji. Kushoto gurudumu likapanda jiwe lile lile. Nikasikia fremu inalia.

"Nyinyi hapo," bi kizee akaita.

"Naam," nikajibu, shingo imekakamaa, macho mbele. Naam peke yake, bila shikamoo, kwa mtu wa umri ule. Niliona aibu imenipanda mpaka masikioni. Gurudumu likashuka upande wa pili wa jiwe. Kigari kikatikisika kidogo, kikatulia, kikaendelea zake kama vile pale hapajawahi kutokea kitu. Shemeji hakusimama mpaka tulipofika tambarare.

Hapo nikafungua mkanda, nikashuka, nikarudi kwa miguu ule mteremko wote, nahema, mbele ya kamati nzima. Nikasimama mbele ya bi kizee.

"Shikamoo bibi."

Akanipima juu mpaka chini. "Marahaba. Leo umenisalimia umesimama. Mara ile ulinisalimia umelala."

Kamati ikacheka mpaka sheha akashindwa kuuzuia uso wake. "Pita," akampigia ukelele shemeji kule tambarare. "Wewe na wageni wako."

Lakini bi kizee alikuwa ameshaweka jembe chini na anakwenda kwenye kigari. Akaketi kwenye kiti changu, akafungwa mkanda, akakunja mikono mapajani. Wakaondoka kuelekea kijijini, mimi nyuma yao kwa miguu, na kila mtu aliyetoka mlangoni kumwamkia nilimsikia akijibiwa na bi kizee, shingo imenyooka, macho mbele:

"Salamu baadaye. Mpaka tusimame."